Kubadilisha spidomita iliyoharibika kwenye pikipiki ya njia mbovu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yafuatayo ndiyo ambayo wenye pikipiki za njia mbovu, zile ambazo wengi wetu huziita skrambla, huuliza wanapofika gereji Nairobi na mshale uliolala kwenye sifuri. Neno rasmi la kifaa hiki ni kipima mwendo, na kaunta za spea za Kirinyaga Road hukiita mita. Humu tutakiita spidomita ili kisichanganywe na mita ya kupimia urefu, ambayo nayo itahitajika baadaye.

Spidomita yangu imekufa. Je, ninunue nyingine mara moja?

Usinunue chochote kabla ya kupima. Kwenye pikipiki inayotumia kebo, spidomita ni kituo cha mwisho cha safari inayoanzia chini: gia iliyo kwenye habu, yaani kitovu, cha gurudumu la mbele huzungusha waya uliomo ndani ya kebo, na waya huo huzungusha spidomita. Sehemu hizo mbili za chini ndizo zinazokula matope, vumbi na mawe, ilhali spidomita yenyewe imekaa juu, mbali na ghasia zote. Hata hivyo ndiyo hulaumiwa kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoonekana.

Kupima hakuchukui zaidi ya dakika kumi. Weka kreti ya soda chini ya injini ili gurudumu la mbele lielee. Fungua nati ya kebo nyuma ya spidomita, ile ya mviringo yenye mikwaruzo ya kushikwa kwa vidole, ambayo kwenye pikipiki iliyonyeshewa miaka mingi huhitaji koleo na subira. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea mbele huku mwenzako akitazama ncha ya mraba ya waya wa ndani. Ncha ikizunguka bila kusita, kebo na gia ni nzima na mgonjwa ni spidomita. Isipozunguka, ichomoe kebo upande wa chini na uvute waya wa ndani. Ukitoka vipande viwili, umepata jibu, na bei ya kebo ni ndogo mno ukilinganisha na ya spidomita nzima. Ukitoka mzima, na ncha zake za mraba hazijalika zikawa za duara, basi tatizo limo kwenye gia.

Ukitaka uhakika zaidi, ingiza ncha ya ule waya kwenye tundu la spidomita na uizungushe kwa kasi kati ya kidole gumba na cha shahada. Spidomita nzima itarusha mshale kidogo. Mshale ukijaribu kurudi nyuma ya sifuri, umezungusha kinyume, wala hakuna kilichoharibika.

Mshale haufanyi kazi lakini kilomita zinahesabika. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu ndani ya kisanduku kimoja mna vifaa viwili visivyotegemeana. Mshale hauunganishwi na kebo kwa chuma chochote. Kebo huzungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi cha alumini bila kukigusa, na mzunguko wa sumaku huzalisha mikondo ya umeme ndani ya alumini, mikondo ambayo hukivuta kikombe kifuate sumaku. Springi nyembamba kama unywele hukizuia kikombe, na pale nguvu hizo mbili zinapolingana ndipo mshale unaposimama. Mbinu hii ilisajiliwa Ujerumani na Otto Schulze mwaka wa 1902, na pikipiki nyingi zinazopanda Ngong leo bado zinaitumia. Kihesabu cha kilomita, kwa upande wake, huendeshwa moja kwa moja na vijigia vidogo, ambavyo aghalabu ni vya plastiki.

Kutokana na hayo, dalili zenyewe hukuelekeza kwenye ugonjwa. Mshale ukiwa umekufa huku tarakimu zikisonga, kebo haina hatia, na kasoro imo kwenye mshale, kikombe au springi. Tarakimu zikiganda huku mshale ukifanya kazi, kuna kijigia kilichovunjika jino au kilichoteleza kwenye mhimili wake. Vyote viwili vikifa siku moja, anza na kebo.

Mshale unatetemeka, unaruka kutoka 40 hadi 70 na kurudi. Je, hiyo ni dalili kuwa spidomita inakufa?

Mara nyingi ni kebo iliyokauka au iliyokunjwa kupita kiasi. Waya wa ndani hukwama kwa nukta moja, hujikunja kama kamba, kisha huachilia kwa kishindo, nao mshale hufuata. Toa waya, uufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uukaushe, halafu upake grisi nyepesi kwenye theluthi mbili za upande wa chini peke yake. Theluthi ya juu iachwe karibu kavu, kwa kuwa waya unaozunguka huipandisha grisi, na grisi ikishafika ndani ya kikombe cha alumini mshale huwa mzito na hautakuambia ukweli tena. Fundi anayejaza grisi kebo nzima hadi inachuruzika anadhani amekufanyia hisani.

Nitajuaje kwamba spidomita ninayonunua italingana na pikipiki yangu?

Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Kwa simu, maneno "mita ya skrambla 125" yanaweza kukuletea vitu vinne tofauti, kwa sababu Yamaha DT125 na Honda XL125 hazifungwi spidomita moja, na hata pikipiki mbili za jina moja zilizotoka viwandani miaka tofauti zinaweza kupishana.

Mbele ya kaunta linganisha kwanza nati ya kebo na tundu la mraba, kisha nafasi za bolti za kufungia, kisha idadi ya nyaya na taa. Baada ya hapo tafuta jambo linalosahaulika kuliko yote, yaani uwiano. Kila spidomita ya kebo imetengenezwa ikitarajia idadi fulani ya mizunguko ya kebo kwa kila kilomita, na mara nyingi uwiano huo huandikwa kwa maandishi madogo usoni au nyuma, kwa mfano 1:1.4 au 1:1.0. Spidomita yenye uwiano usio wako itafunga vizuri, itawaka vizuri, na itakudanganya kwa utulivu kila siku. Kwa kuwa gia za habu zimetengenezwa kwa kipimo cha gurudumu husika, spidomita ya pikipiki yenye gurudumu la mbele la inchi 17 haifai kudhaniwa kuwa itasema kweli kwenye gurudumu la inchi 21.

Tazama pia kama uso wake ni wa kilomita au wa maili. Mimi mwenyewe niliwahi kununua katikati ya jiji spidomita iliyotumika, safi kama mpya, nikaifunga jioni chini ya balbu hafifu, na kesho yake nikaenda kazini nikijisifu kwa mwendo wangu wa pole wa 50. Matatu zilizokuwa zikinipigia honi kila siku siku hiyo zilikuwa kimya. Ilikuwa 50 ya maili, yaani kilomita 80 kwa saa.

Kuhusu iliyotumika dhidi ya mpya ya kuiga, maoni yangu ni kwamba iliyotumika ya kiwanda asilia, ikiwa mshale wake unarudi sifuri wenyewe na kioo hakina ukungu, huishi kuliko ya kuiga yenye plastiki laini. Dai risiti yenye jina la duka, kwa sababu hutaki kubishana siku moja na mtu anayeitambua spidomita yake juu ya usukani wako.

Nimebadilisha kebo na spidomita, zote mpya, na bado mshale umelala. Kulikoni?

Hili ndilo swali linaloumiza zaidi, maana anayeuliza amekwisha kulipa mara mbili. Jibu, karibu kila mara, liko kwenye gia ya spidomita kando ya habu, na chanzo chake huwa siku ambayo tairi la mbele lilizibwa pancha.

Gia hiyo imo ndani ya kisanduku kidogo, na humo mna bangili ya chuma yenye masikio mawili yanayopaswa kuingia kwenye nafasi mbili zilizochongwa kwenye habu. Gurudumu linapozunguka, habu huyasukuma masikio, masikio huizungusha gia, nayo gia huizungusha kebo. Sasa mfikirie kijana wa pancha, ana haraka, pikipiki nyingine tatu zinangoja. Anaipachika ekseli kwa mkono mmoja, anakisukuma kisanduku mahali pake, na masikio yanakaa juu ya ukingo wa habu badala ya kuingia kwenye nafasi zake. Anakaza nati ya ekseli kwa spana ndefu. Masikio yanalala, yanapindika au yanakatika, bila sauti yoyote. Pikipiki inaondoka vizuri kabisa, isipokuwa mshale.

Mteja mmoja alituletea pikipiki iliyokuwa imebadilishwa spidomita mara mbili kwingineko. Tulipotoa gurudumu, bangili ilianguka sakafuni ikiwa bapa kama sarafu. Tuliyanyoosha masikio kwa koleo ili kuthibitisha tu, mshale ukainuka, kisha tukamwagizia gia mpya, kwa kuwa chuma kilichopindwa na kunyooshwa hakidumu.

Unaporudisha gurudumu, paka grisi kidogo ndani ya kisanduku, kizungushe kwa vidole huku ukikibonyeza hadi uhisi masikio yakizama, na usikaze ekseli kabla ya kuhisi hivyo. Hakikisha vilevile kwamba kile kijino cha nje cha kisanduku kimekaa dhidi ya kizuizi chake kwenye mguu wa shokomzoba, la sivyo kisanduku kizima kitazunguka na gurudumu na kuinyonga kebo. Kabla ya kuiteremsha pikipiki, zungusha gurudumu na utazame ncha ya kebo kwa juu, kama ulivyofanya mwanzoni.

Kebo mpya ipitishwe wapi?

Ipitishwe pale ilipopita ya zamani, ndani ya vishikizo vyake vyote. Shokomzoba za mbele za skrambla husafiri mbali, kwenye nyingi sentimita 20 au zaidi, hivyo kebo inayoonekana nadhifu pikipiki ikiwa imesimama inaweza kugusa tairi au kujikunja mara shokomzoba zinapozama kwenye shimo. Mwambie mtu abonyeze usukani kwa uzito wake wote huku wewe ukitazama, kisha geuza usukani kushoto na kulia hadi mwisho. Ikiwa umeinua usukani kwa vipandishi, nunua kebo ndefu zaidi. Kebo iliyovutika hukatika nchani, tena mbali na nyumbani.

Nyaya za taa zina rangi ambazo sizielewi. Naziunganishaje?

Tenganisha betri kwanza. Baada ya hapo jua kwamba kampuni za Japani zina desturi zake. Kwenye Honda waya wa kijani ni wa bodi, yaani unaorudisha umeme kwenye chuma cha pikipiki, na mweusi ni wa umeme unaokuja swichi inapofunguliwa. Kwenye Yamaha mweusi ni wa bodi na wa kahawia ni wa umeme wa swichi. Suzuki hutumia mweusi wenye mstari mweupe kwa bodi na wa rangi ya machungwa kwa umeme wa swichi, na Kawasaki mweusi wenye mstari wa njano kwa bodi na wa kahawia kwa umeme. Pikipiki nyingi za Kichina hufuata mtindo wa Honda. Tazama kosa linalonyemelea hapo: waya mweusi wa spidomita ya Yamaha ukiunganishwa na mweusi wa Honda, bodi inaweza kukutana na umeme, na fyuzi ikaungua.

Taa ya nyutro huwatatiza wengi kwa sababu imepangwa kinyume na matarajio. Taa hupokea umeme kutoka kwenye swichi, na swichi ndogo iliyo kwenye gia boksi ndiyo inayoufikisha kwenye bodi gia ikiwa nyutro. Kwa hiyo waya unaotoka kwenye injini si wa kuleta umeme, na ukiuunganisha na bodi moja kwa moja taa itawaka siku zote, hata ukiwa gia ya nne. Usiamini rangi peke yake kwenye pikipiki iliyopita mikononi mwa mafundi watano. Pima kila waya kwa multimita, yaani kipima umeme. Zipo pia pikipiki za zamani za volti 6, ambazo balbu na spidomita za volti 12 hazizifai.

Je, spidomita ya kidijitali inafaa kwa njia mbovu?

Inafaa, na kwa anayebadilisha matairi au magurudumu mara kwa mara mara nyingi ndiyo bora, kwa sababu haina kebo ya kukatika wala uwiano wa kubahatisha. Sumaku ndogo hufungwa kwenye diski ya breki au kwenye habu, na sensa hufungwa kwenye mguu wa shokomzoba. Kila sumaku inapopita, sensa huhesabu mzunguko mmoja. Kampuni kama Trail Tech na Acewell hutengeneza za aina hiyo mahsusi kwa pikipiki, na zipo za bei nafuu zaidi zisizo na jina la kujulikana. Kinachozitofautisha ni jinsi zinavyozuia maji na kustahimili mtikisiko.

Yote hutegemea namba moja utakayoiingiza, yaani mzingo wa tairi kwa milimita. Usiichukue kwenye jedwali. Jaza upepo kama unavyoutumia siku zote, chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine sakafuni mkabala nayo, uketi juu ya pikipiki kwa uzito wako, na usukumwe kwenda mbele moja kwa moja hadi tairi lizunguke mara tano. Pima umbali huo kwa futi kamba na ugawe kwa tano. Ukipata mita 10 na sentimita 60, mzingo ni milimita 2120. Aliyebahatisha akaandika 2000 kwenye tairi hilohilo ataonyeshwa takriban 75 wakati anakwenda kilomita 80 kwa saa, na ataendelea kuonyeshwa pungufu kila siku.

Kama pikipiki yako haina betri na taa zake hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye injini, soma maelekezo kuhusu aina ya umeme inayokubalika kabla ya kuunganisha. Umeme huo huenda na kurudi, na hupanda kadiri injini inavyonguruma, jambo ambalo kioo cha kidijitali kisichotayarishwa kwalo hakitalivumilia.

Nikibadilisha sproketi au tairi, je, spidomita itakosea?

Spidomita inayoendeshwa na gurudumu la mbele haijali sproketi, zile gia za mnyororo, hata kidogo. Inayojali ni ile inayochukua taarifa zake kwenye gia boksi. Tairi la mbele la kipimo kingine huathiri zote zinazotegemea gurudumu hilo, na tofauti huanza kuonekana hata kati ya tairi jipya la vibonge virefu na lililolika.

Nitathibitishaje kwamba inasema kweli?

Tumia simu yenye programu ya kupima mwendo kwa satelaiti, ukiwa kwenye barabara iliyonyooka na tambarare, kama vile sehemu za Southern Bypass asubuhi ya Jumapili. Simu ifungwe imara kwenye usukani au iwe kwa abiria. Shikilia mwendo mmoja kwa sekunde kadhaa, kwani satelaiti huchelewa kidogo. Nairobi Expressway usiifikirie, pikipiki haziruhusiwi huko.

Spidomita ikionyesha zaidi kidogo ya simu, iache. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inayohusu spidomita huruhusu kuzidisha kwa kiasi fulani, ila hairuhusu kabisa kuonyesha pungufu ya mwendo halisi. Inayoonyesha pungufu ndiyo ya kurekebisha au kurudisha dukani, maana mjini kikomo ni kilomita 50 kwa saa na askari wa trafiki hatapima kwa spidomita yako.

Kilomita za zamani zifanyweje?

Piga picha ya spidomita ya zamani kabla ya kuifungua. Andika namba hiyo, tarehe, na namba ambayo mpya imeanzia, kwenye daftari la huduma na kwenye kibandiko chini ya kiti. Siku ya kuuza, mwonyeshe mnunuzi. Pikipiki yenye kilomita 38,000 iliyofungwa spidomita ya kilomita 4,000 bado ina injini ya kilomita 38,000, na anayenyamaza hapo anauza uongo hata kama hajatamka neno.

Pikipiki za motokrosi hazina spidomita kabisa. Kwa nini nisumbuke?

Pikipiki ya motokrosi huzunguka uwanjani na kurudi kwenye gari iliyoibeba. Yako huenda Magadi. Skrambla nyingi hazina geji ya mafuta, kwa hiyo kihesabu cha safari ndicho geji: ukijua kwamba tangi lako hufika kilomita fulani kabla ya kugeuza koki kwenye akiba, unajua pia mahali pa kujaza. Kutoka mjini hadi Magadi ni zaidi ya kilomita 100, na baada ya Kiserian vituo vya mafuta huanza kuadimika huku joto likipanda. Kubadilisha oili nako huhesabiwa kwa kilomita, na pikipiki ya vumbi haina nafasi ya kukisia.

Spidomita mpya imeingia ukungu ndani ya kioo baada ya wiki mbili. Je, nimeuziwa mbovu?

Uliza kwanza inaoshwa wapi. Kwenye maeneo mengi ya kuoshea magari, bomba la presha huelekezwa usoni pa spidomita na kwenye habu ya mbele kwa umbali wa kiganja, na hakuna mpira wa kuzuia maji uliotengenezwa kwa nguvu hiyo. Ifungue, uikaushe kivulini na wala si juani, ukague mpira wa nyuma wa tundu la balbu, ambao mara nyingi huwa umesahauliwa kurudishwa, na uangalie kama nati ya kebo imekazwa hadi mwisho. Kuanzia hapo sehemu hizo mbili zioshwe kwa ndoo na sponji, na ni afadhali uzioshe mwenyewe.